Mbegha Aligawa Nyama, Sisi Tunajengewa Ukuta

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu mtu katuma tena ule ujumbe. Mnaujua. "Tabia saba za matajiri." Wanaamka saa kumi alfajiri, wanasoma vitabu, hawanunui vitu vya kujionyesha, hela yao inazaa hela. Chini kabisa kuna picha ya mzungu mwenye mvi kakaa kwenye kiti cha ngozi. Ndugu kumi na wanne wakaweka vidole gumba. Mjomba wangu, ambaye anaamka saa kumi alfajiri tangu mwaka 1979 kwenda kumwagilia kabichi, naye akaweka kidole gumba.

Nimechoka, ndugu zangu. Kama kuamka mapema kungekuwa kunaleta utajiri, milima ya Usambara ingekuwa na mabilionea wengi kuliko nchi nzima. Nenda Soni siku ya soko uone wanawake walioshuka na karoti kichwani kabla jogoo hajamaliza kuwika. Nidhamu wanayo. Kujibana wanajibana, maana hawana kitu cha kutapanya. Kinachoniudhi kwenye maandishi haya ya "siri za matajiri" ni kwamba yote yanamtazama tajiri akitafuta hela. Hakuna hata moja linalomtazama akiitumia. Anaitumia wapi? Nani anaishi chini ya pale anapoitumia? Nikisema chini nina maana ya chini kabisa, upande ambao maji yanateremkia.

Juu ya shamba la mama yangu, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, kuna nyumba. Sitasema ni ya nani. Sijui hela yake imetoka wapi, na siandiki haya ili nimwite mtu mwizi. Ni mtu wa Dar es Salaam. Kijijini wanamwita Bosi, hata wazee waliomzidi umri wanamwita hivyo. Saruji yake ilipanda kona zote kutoka Mombo, lori baada ya lori, mpaka barabara yetu ya kijiji ikachimbika na haijafukiwa hadi leo. Vikaja vigae, likaja geti, ukaja ukuta wenye nyaya juu, ikaja jenereta. Mwisho zikaja nyasi.

Nyasi, jamani. Anayeijua Lushoto anajua maana yake. Kwetu ng'ombe hachungwi, hakuna pa kumchunga. Anafungwa bandani na mama mtu anatembea kingo za barabara na mundu akitafuta mzigo mmoja wa majani. Sasa pale juu kuna nyasi nzuri kuliko tulizowahi kuziona, zinakatwa kila wiki kwa mashine, zinatiwa kwenye mifuko, zinachomwa moto. Moshi wake tunaunusa sisi na ng'ombe wetu.

Nyasi hizo zinanyweshwa. Pampu iko juu ya mahali mfereji wetu unapoanzia. Mfereji huu ni wa asili, ulichimbwa na watu ambao hatuyajui hata majina yao, na maji yake yana zamu. Zamu ya mama ni Alhamisi na Jumapili. Mwezi wa tisa na wa kumi, jua likikaza, Alhamisi ya mama inakuja na matope. Bosi mwenyewe huja Krismasi na Pasaka. Siku zote zilizobaki maji yanapandishwa kwa ajili ya bustani ambayo hakuna mtu anayekaa humo.

Mlinzi wa getini ni binamu yangu. Nilipomuuliza aliniambia, "Kaka, mimi nimeambiwa nyasi zikikauka nakatwa mshahara." Basi sikuwa na la kumjibu. Ana watoto watatu.

Kwa kuwa sisi hapa ni watu wa vitabu, niseme jambo linalotuhusu. Nadhani fasihi yetu imetuandaa vibaya kumwelewa jirani huyu. Tajiri tuliyemsoma shuleni ni Mwinyi Fuad wa Shafi Adam Shafi, ni Bwana Maksuudi wa *Utengano*, ni yule mzee Mwinyi wa *Kiu* anayedhani hela itamnunulia mapenzi ya binti. Ni riwaya nzuri, sizidharau hata kidogo, na watu wa namna hiyo walikuwepo. Lakini zimetufundisha kumtambua tajiri mbaya kwa ukatili wake. Anapiga watumishi, anafungia wake ndani, anaharibu mabinti. Sasa akija tajiri asiyepiga mtu, anayesalimia vizuri, anayempa mama yangu kilo mbili za mchele sikukuu, tunakosa pa kumweka. Tunasema, huyu ni mtu mwema. Pengine ni kweli. Lakini Alhamisi ya mama bado ina matope.

Upande wa pili kuna vitabu vya kando ya barabara, vinavyotandikwa kwenye turubai karibu na kila stendi ya nchi hii. Humo tajiri ni mwalimu. Robert Kiyosaki na kitabu chake cha 1997, George Clason na Babeli yake ya 1926, pamoja na kundi zima la wanaowaiga. Humo umaskini ni kosa la kimahesabu na tajiri ni mtu aliyefaulu somo. Riwaya zinachunguza roho yake, vitabu vya stendi vinachunguza akili yake. Bomba lake la maji halijachunguzwa na yeyote.

Nasema hivyo, lakini yupo mmoja aliyelichunguza, na ni wa hapa hapa. Ninakusudia *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila kuanzia miaka ya 1890 na kutolewa upya mwaka 1962. Wengi wetu tunakitaja tu tunapoorodhesha nathari za kale za Kiswahili, halafu tunapita. Nawaomba mkirudie, safari hii mkisome kama kitabu cha matumizi ya mali.

Kinaanza na nini? Kinaanza na Mbegha, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, mtu wa kuogopwa, aliyetoka Ungulu na mbwa wake na mikuki yake. Hana shamba, hana ukoo wa kumtetea. Ana ujuzi mmoja tu, kuwinda nguruwe wanaoharibu mazao ya watu. Anafanya nini na nyama? Anaigawa. Anafika mahali, anaua nguruwe, anawapa wenyeji nyama, nao wanampa chakula cha shamba. Sifa zake zinamtangulia kijiji hadi kijiji, mpaka watu wa Vuga wanamfuata. Njiani anaua simba, na kwa simba huyo anakuwa Simbamwene, mfalme. Lakini hata kabla ya simba, nyama ilikuwa imekwisha kazi.

Kwa hiyo hadithi ya msingi ya utawala wetu milimani haijali aliamka saa ngapi wala alitunza akiba kiasi gani. Inajali nyama ilikwenda wapi.

Wasambaa wana maneno mawili ya kupimia jambo hili, na mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman ameyatafiti kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tulivyojishughulisha nayo. *Kuzifya shi* ni kuiponya nchi. *Kubana shi* ni kuidhuru. Mfalme aliitwa mwenye mali yote ya nchi, angeweza kuchukua cha mtu yeyote, lakini mvua isiponyesha na njaa ikiingia, watu walimtazama yeye. Mali yake ilikuwa jambo la mvua. Huwezi kuwa na nguvu zote juu ya mlima halafu ukame ukawa haukuhusu.

Najua mtakachoniambia, na mna haki. Ile nyama ya Mbegha haikuwa sadaka. Ilikuwa kishika uchumba cha ufalme. Wajukuu wake walikuja kuchukua kodi, kuchukua wake, kuchukua watu. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki miaka ya 1860, watoto na wajukuu wake wakapigana, na waliouzwa ili bunduki zinunuliwe ni Wasambaa wa kawaida na majirani zao. Sitaki kuwauzia paradiso ya kale. Ninachosema ni kwamba kipimo kilikuwepo, na watu walikitumia kuwahukumu hata wafalme. Kipimo hakifi kwa sababu waliopimwa walipungua uzito.

Tazama Semboja. Huyu mtoto wa Kimweri ndiye ninayemwona kila nikitazama ukuta ule. Makao yake yalikuwa Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara. Huko ndiko zilikopita pembe, nguo na bunduki. Alipomshinda Shekulwavu, mrithi wa Vuga, angeweza kuhamia mji mkuu wa baba yake. Hakuhamia. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu juu kule Vuga, yeye akabaki Mazinde ilipo hela. Mlima ukawa jina tu, maisha yakawa barabarani. Abdallah bin Hemedi alimfahamu kwa karibu, alimfanyia kazi, na ndiyo maana sehemu zile za kitabu zinasomeka kama za mtu aliyekuwepo.

Hapo ndipo utajiri wa Usambara ulipoacha kuhitaji mvua. Mtu ambaye hela yake inatoka kwenye msafara hana sababu ya kuhangaika kama mfereji umekauka.

Wajerumani walipokuja wakaongeza jambo la pili. Lushoto waliiita Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, na wakaifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Waingereza wakaendelea hivyo hivyo. Mlima ambao kwa mwenyeji ulikuwa shamba, kaburi na mvua, kwa mgeni ukawa hewa na mandhari. Jicho lile halikuondoka na bendera. Mtu wetu wa leo, Mswahili mwenzetu kabisa, akipata hela anapanda kona za Soni na jicho la Wilhelmsthal. Anauliza panaonekana nini kutokea kibarazani. Akisimama pale karibu na Irente ambapo ardhi inakatika ghafla na Mazinde inaonekana kule chini, anasema "mandhari safi," anapiga picha. Hajui kwamba anamtazama Semboja uso kwa uso.

Kumbukeni pia habari ya matuta. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walileta mpango wao wa kuokoa udongo wa Usambara. Mkulima mdogo akalazimishwa kulima matuta kukata mteremko, na asiyelima akapelekwa barazani kutozwa faini. Watu, hasa wa upande wa Mlalo, walipinga mpaka mpango ukafa kabla ya uhuru. Kinachonigusa mimi ni huyu aliyebebeshwa mzigo. Udongo wa mlima mzima ulikuwa unateremka, lakini jembe la kuurudisha alikabidhiwa mwenye robo eka.

Leo je? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito na mabwawa. Ni sheria nzuri, naiunga mkono. Kila mwenye kabichi kwetu ameisikia; "mita sitini" limekuwa neno la kutishia watoto. Sasa niulizeni, kati ya kabichi na zege, kipi ni cha kudumu? Kabichi inang'olewa baada ya miezi mitatu. Lakini nikitembea kando ya vijito vyetu naona waliohama ni wa kabichi.

Najua hoja tatu zitakazokuja, tuzimalize.

Ya kwanza, "ni hela yake." Sawa, hela ni yake. Maji si yake. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma. Na ardhi yenyewe kisheria ni ya umma, Rais ni mdhamini wetu tu. Hela yake imenunua haki ya kukaa pale, haikumnunulia Alhamisi ya mtu mwingine.

Ya pili, "anatoa ajira." Binamu yangu ana kazi, kweli, na nikisema nyumba ile isiwepo namnyang'anya ugali. Sisemi isiwepo. Lakini tuhesabu hesabu yote. Kabichi na karoti za kwetu zinashuka Dar kwa lumbesa, gunia lililovimba mpaka linashonewa kofia juu, linalipwa kama gunia moja. Wakubwa wa mjini wanakula ile kofia bure kila siku, miaka nenda miaka rudi. Tukianza kuhesabu nani anamsaidia nani, mimi naomba kofia za lumbesa ziwekwe kwenye mizani. Halafu tuone mshahara mmoja wa mlinzi unabaki na uzito gani.

Ya tatu, na hii ndiyo inayouma, "una wivu." Ndiyo, ninao. Nilipokwenda Krismasi nikaona taa zile usiku nilitamani ziwe zangu. Nilijiona nimesimama kwenye kibaraza kile na kikombe cha chai, mama yangu kakaa kwenye kiti cha ngozi kama yule mzungu wa WhatsApp. Na mama mwenyewe hataki nimseme vibaya jirani yake. "Angalau usiku kuna mwanga," anasema, "zamani pale palikuwa na giza tu." Lakini wivu wangu haufanyi matope yawe maji. Mtu anaweza kuwa na wivu na bado akawa anasema kweli. Neno hili tumelifanya kufuli la midomo. Maskini akifungua kinywa juu ya mali, tunamwambia ana wivu, anafunga.

Nchi hii iliwahi kufungua kinywa. Azimio la Arusha la 1967 liliandika waziwazi jinsi kiongozi anavyopaswa kuishi, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa. Mwaka 1991 kule Zanzibar miiko ile ikalegezwa. Inawezekana ilikuwa migumu mno, inawezekana wengi waliivunja kwa siri, sibishani. Ninachokiona ni kwamba tulipoitoa hatukuweka kitu mahali pake. Tuliacha neno moja tu, "mafanikio," na mafanikio hayaulizwi swali.

Kwa hiyo ninawalaumu matajiri, na ninatulaumu sisi tunaoandika. Tumeacha maisha ya mwenye hela yaandikwe na wanaomsifu. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani chini ya milima hii hii, alimtoa Utubora mjini akamrudisha shambani, akatuonyesha mtu anayechagua kuishi kwa kiasi. Nani amemwandika yule mwingine, anayekwenda shambani na mji wake mgongoni? Nataka riwaya ya jirani yangu. Isiwe ya kumtukana. Iwe na pampu yake, mchele wake wa sikukuu, watoto wake wanaochoka na ukimya wa Lushoto siku ya pili, binamu yangu getini, na mama yangu anayeshukuru kwa mwanga.

Mwezi wa kumi uliopita tulikuwa na kikao cha mfereji. Bosi alialikwa. Alituma udhuru pamoja na sukari kilo tano kwa ajili ya chai ya wajumbe. Katibu, mzee wa heshima, akafungua daftari akaandika kwa mwandiko mzuri: "Tumepokea sukari kilo tano kutoka kwa Bosi, tunamshukuru." Akafunga kalamu.

Nikamwambia, "Mzee shikamoo, naomba uandike na maji."

"Marahaba. Maji gani, mwanangu?"

"Yanayopanda kwa pampu. Uandike siku na saa, kama ulivyoandika sukari."

Kimya kikapita. Binamu yangu alikuwa amekaa nyuma, anatazama viatu vyake. Mjomba, yule wa kidole gumba, akakohoa. "Andika," akasema. "Sukari imeandikwa, na maji yaandikwe."

Mzee akaangalia dirishani, juu kule kwenye ukuta, kisha akafungua tena kalamu. Aliandika mstari mmoja. Mpaka leo pampu haijasimama, na Alhamisi iliyopita mama alipata maji ya kufika nusu ya shamba. Daftari lipo, limefungwa kwa kamba, kwenye kabati la ofisi ya kijiji. Kila Alhamisi kuna mtu anakwenda kuongeza mstari.